Straika wa Ilagala alivyonipasua kichwa kwenye fantasy yetu ya ndondo

Wakuu, mwakeye!

Ndiyo salamu niliyoiokota huku Kigoma, mniwie radhi kama nimeiandika kwa lafudhi ya Singida.

Hiki kisa sijakitia chumvi. Humu kuna watu wa Rusimbi, mtaa wetu huku, nikidanganya wataniumbua hapa hapa.

Mimi ni fundi simu. Nilihamia huku nikimfuata wife, nesi, alipopangiwa kituo. Nilikuwa simjui mtu. Walionifanya nijisikie nipo nyumbani ni jamaa wa kundi la fantasy.

Sio fantasy ya Ulaya. Yetu ni ya ndondo, hizi timu za mitaani na vijijini. Kabla mashindano hayajaanza tunakutana kwa Baba Rehema, fundi baiskeli, ambaye ndiye mwenyekiti na admin wa kundi letu la kwenye simu. Tunachagua wachezaji kwa zamu, ndiyo draft yenyewe. Ukishamchukua mtu, mwingine hamgusi. Akifunga unapata pointi, asipotokea uwanjani unakula sifuri.

Sasa adhabu. Ukishika mkia misimu miwili mfululizo, unatolewa kundini mpaka mashindano mengine. Na msimu uliopita mkia ulikuwa wangu.

Mnaweza kucheka, ila niliogopa kweli. Bila wale watu ningebaki naongea na simu mbovu tu.

Basi wiki moja kabla ya draft nikaenda Ilagala kuangalia mechi ya kirafiki. Hapo ndipo nikamwona Kasimu. Wakuu, yule kijana ana kipaji! Mguu wa kushoto, mbio, utulivu mbele ya goli. Akapiga tatu peke yake na mabeki wakaanza kulaumiana.

Siku ya draft zamu yangu ilikuwa ya kwanza. Nikasema Kasimu, tena captain, yaani pointi zake mara mbili.

Baba Rehema akakohoa kidogo, akasema, "Chaguo zuri, jirani." Wengine wakainamisha vichwa. Mimi nikadhani wameumia roho.

Mechi ya kwanza Kasimu alikuja, akacheza kama mtu aliyenyweshwa dawa ya usingizi. Half time kalala pembeni ya uwanja, anakoroma. Ya pili hakuja kabisa. Ya tatu vile vile.

Nikamfuata kocha wao kwa hasira. Akanishangaa. "Yuko ziwani. Giza hili unataka avue nani?"

Kumbe Kasimu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi usipokuwepo ndiyo neema yao. Siku za giza wavuvi hawana habari na mpira. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, vijana wanapumzika, ndiyo unawaona uwanjani. Mimi nilimwona wiki ya mbalamwezi! Kundi zima lilijua, wakanyamaza wapate kicheko. Nilicheka na mimi, ila ndani nilikuwa naungua.

Timu yake ikapenya mpaka robo fainali bila yeye. Mimi mkiani.

Sheria inaruhusu kubadilishana mchezaji mara moja kabla ya robo. Baba Rehema akaja kibandani kwangu. "Jirani, nakuonea huruma. Nipe huyo Kasimu, chukua beki wangu."

Nikataka kukubali, yule beki anacheza kila mechi. Nikamwambia nitamjibu jioni.

Mchana wife akarudi kutoka sokoni analalamika. "Dagaa wabichi hakuna leo. Wanasema mwezi umeshakuwa mkubwa."

Nikaacha kijiko mezani.

Robo, nusu na fainali zote zilikuwa zinapigwa wiki hiyo hiyo. Halafu tangu lini Baba Rehema akamwonea mtu huruma? Naye alikuwa juu yangu kwa pointi kiduchu! Nikamwandikia, "Mwenyekiti, baki na beki wako."

Kasimu akaja robo, macho makavu, kashiba usingizi. Goli. Nusu fainali, mawili. Fainali walifungwa, lakini goli lao la kufutia machozi lilikuwa lake. Nilishangilia mpaka watu wakaniuliza nimeoa Ilagala.

Mkia ukaangukia kwa Baba Rehema, na kumbe msimu uliopita mimi naye tulikuwa tumefungana pointi mkiani. Admin akalazimika kujitoa mwenyewe.

Kundi likapoa. Siku nzima hakuna utani, hakuna matusi ya kirafiki, watu wanatumiana matangazo ya vyumba vya kupanga. Ndipo nikajua nilichokuwa naogopa kukipoteza ni nini hasa. Nikaomba arudishwe, wote wakasema ndiyo.

Ujumbe wake wa kwanza: "Msimu ujao Kasimu ni wangu. Fundi asiguse."

Nilichojifunza: kipaji ukione uwanjani, halafu uulize mtu huyo anaamkia wapi. Nyie huko kwenu mnawapimaje wachezaji wenye kazi nyingine? Nipeni mbinu, maana Baba Rehema ameshaanza kuangalia mwezi.