Masega Aliyoyafunga Yusufu

Mimi ni fundi wa umeme wa magari mjini Kasulu, na hujigamba kwamba sibahatishi. Juzi Mzee Salumu, mwenye duka Kibondo, aliniletea gari la marehemu mwanawe, Yusufu, taa ya injini ikiwaka. Kompyuta yangu ikaonyesha kwamba masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi, yameshindwa kazi.

"Yatolewe," nikatamka kama mhadhiri.

"Fundi, Yusufu aliyafunga mapya kwa mkono wake, kisha akafariki. Una hakika yamekufa?"

"Mzee wangu, kompyuta haisemi uongo."

Akaridhia kwa shingo upande. Nikayavunja kwa nondo, kama tufanyavyo mafundi wengi, yakamwagika chini vipande vipande.

Nilipokuwa nikirudisha bomba la ekzosi, kidole changu kikagusa ufa karibu na sensa ya oksijeni, inayopima moshi na kuiarifu kompyuta. Ulikuwa wa zamani, kingo zake nyeusi kwa masizi. Hewa iliyopenya hapo ndiyo iliyoidanganya sensa.

"Umeona nini?" Mzee akauliza, akichungulia uvunguni.

"Bomba limepasuka, Mzee wangu. Masega yalikuwa mazima."

Hakunigombeza. Alivua kofia, akapiga magoti, akaanza kuviokota vile vipande na kuvitia ndani ya kofia hiyo.