Orpa na Neno Lililomuuma

Orpa alianza kujifunza Kiingereza kwa sababu ya sikio la binti yake. Walipoingia Malawi, wakiwa wameikimbia Fizi, mashariki mwa Kongo, vita vya pili vilipofika kwao, bintiye huyo, Mamy, alikuwa akilia tu, mikono kichwani. Kwenye zahanati ya kwanza waliyoikuta, Orpa hakuwa na neno hata moja la kumweleza muuguzi. Alionyesha kwa kidole, akapewa dawa ya kichwa. Kumbe lilikuwa sikio. Usaha ulipokuja kutoka, sikio hilo la kushoto lilikuwa limeshaacha kusikia. Orpa hakumlaumu mtu, ila aliapa moyoni kwamba hatabaki bubu tena mbele ya ugonjwa.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akajiunga na darasa la Kiingereza la kanisa. Maneno mafupi aliyashika upesi. Marefu yalimponyoka. Jirani yake mzee, papa Sylvain, aliyewahi kufundisha Kilatini Bukavu, alimsikia akikariri neno lilelile asubuhi nzima mlangoni, hadi uvumilivu ukamwishia.

"Mama Orpa, we unabeba muti muzima na majani yake. Shika muzizi tu! Sikia: portare njo kubeba. Sasa 'import'?"

"Kubeba... kuleta ndani?"

"Na 'export'?"

"Kupeleka inje!" Orpa akacheka kwa sauti, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Tangu siku hiyo Sylvain alimngoja kila alasiri. Kilatini kilikuwa kitu pekee alichotoka nacho Bukavu kikiwa kizima, na kambini hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Kiingereza hakukisema, ila maneno yenye asili ya Kilatini aliyatambua; akamfundisha kwamba 'patient', mgonjwa, limetoka kwenye neno la kuteseka na kuvumilia. Orpa alitembea na neno hilo kichwani siku nyingi, hata kisimani. Alimwambia pia kwamba 'companion' ni mtu mnayekula naye mkate.

"Na hapa kwenye banakula nsima?" Orpa akauliza, akiutaja ugali wa Malawi.

Haukupita muda mrefu, zahanati ndogo ya kanisa kule mtaa wa Area 49, Lilongwe, ikamchukua awe mkalimani wa Wakongo na Warundi. Muuguzi mkuu, Sista Tiyamike, alimpenda. Siku moja walipokuja wageni, Sista alisimama akawataja wafanyakazi wote. Alipofika kwa Orpa akasema msaada wake umekuwa 'invaluable'. Watu wakapiga makofi.

Orpa hakuwa amelisikia neno hilo hata mara moja. Akalikata kama alivyozoea. 'In', si. 'Value', thamani. Msaada usio na thamani! Na wanashangilia! Uso ulimwaka. Alitabasamu kwa shida, akachukua kitenge chake, akarudi Dzaleka, na siku ya zamu yake ilipofika hakwenda. Iliyofuata pia hakwenda. Sylvain alikuwa safarini, mji wa Madisi, akiuza nguo, kwa hiyo Orpa alikaa na uchungu wake peke yake, akishona na kufumua.

Sylvain aliporudi, alimkuta amenyamaza isivyo kawaida yake. Alimdodosa mpaka akasema.

Mzee akanyoosha kidole juu. "Nyota za mbinguni, utaweza kuzihesabu?"

"Hapana."

"Sababu ni kidogo?"

"Sababu ni mingi."

"Njo vile. Kwa Kifaransa tunasema inestimable. Bei haiko, sababu hakuna mutu anaweza kuifikisha. Yule mama alikusifu, mama Orpa." Kisha akaongeza taratibu, kama anajisemea: "Muzizi inakuonyesha neno ilizaliwa wapi. Haikuambie ilikomalia wapi."

Orpa akamtazama Mamy, mzaliwa wa Fizi, akigombana na wenzake uani kwa Kichewa cha Malawi.

Kesho yake alikwenda Lilongwe na kumweleza Sista Tiyamike yote. Sista alishika mdomo. "Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, wala sikuwahi kufikiri limeundwaje. Nisamehe. Lakini ungeniuliza, Orpa."

Kwenye benchi alikaa Louise, mama Mkongo wa Uvira, ameinama, mikono tumboni. Alikuwa ameshakuja Orpa akiwa hayupo, akarudi bila kueleweka. Hapo ndipo aibu ilipomwingia Orpa, nzito kuliko ule uchungu wa awali. Akakaa karibu naye.

"Mama Louise, inakuuma wapi? Sema pole pole, niko nakusikia."

Vilikuwa vidonda vya tumbo, na Louise alipona. Orpa aliendelea na kazi. Mizizi hakuiacha, ila akikutana na neno jipya alimuuliza kwanza aliyelitamka amekusudia nini. Naye Sylvain, aliyekuwa akisema uzee wake hauna nafasi ya lugha nyingine, Jumatatu moja alionekana kwenye darasa la Kiingereza kanisani, kiti cha nyuma kabisa, akibishana na mwalimu juu ya matamshi.