Tumbo la Mama

Miaka minne ilikuwa imepita tangu baba afariki, tumbo la mama lilipoanza kuvimba. Mama alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mno, hivyo aliiacha ikaota majani, akawa anauza mitumba. Kwenye robota moja la nguo hizo alijichagulia koti kubwa la kiume. Akawa halivui hata jua liwake vipi.

Huku mlimani watu wakaanza kunong'ona kwamba mjane ana mimba. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kumwambia asishiriki meza ya Bwana mpaka jambo lake lijulikane. Mama alimmiminia chai.

Na mimi niliamini. Nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini, na mama alipokuja akilalamika miguu inajaa, nilimpa kikopo cha mkojo. Kitu cha kwanza nilichopima ni mimba. Haikuwepo. Nikarudia, haikuwepo. Hapo ndipo nilipoutazama ule mkojo vizuri: ulikuwa mweusi kama chai iliyochemka sana, na nilipoutikisa ukatoa povu la njano. Povu la mkojo wa mtu mzima wa afya ni jeupe. Nilitoka nje, nikamwambia mama atazame juu. Macho yake yalikuwa ya njano, nami nilikuwa nikila naye meza moja kila siku.

Tulimtoa damu. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, ilikuwa juu sana, protini iko chini. Daktari akaligonga tumbo kwa vidole, akasema ni maji, akatuandikia tukapige altrasaundi mjini, kwenye mojawapo ya zile kliniki za watu binafsi zilizokuwa zimeanza kufunguliwa.

Mama alilala kitandani, akapakwa yale mafuta ya baridi, picha ikatokea kwenye kioo cha mashine.

"Daktari, kuna mtoto humo?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Haya meusi yote ni maji. Ini ni hili hapa. Limesinyaa, na ukingo wake umekuwa wa manundunundu. Lilitakiwa kuwa laini."

Kisha akafika kwenye doa la mviringo ndani ya ini. Akalipima mara mbili.

"Unakunywa pombe?"

"Sijawahi hata kuonja."

Alipopimwa virusi vya homa ya ini, alikutwa navyo. Daktari alisema huenda aliishi navyo tangu utotoni, na kwamba ndivyo vilivyoliharibu ini mpaka likaota lile doa, uvimbe wa saratani.

Tulipokuwa tukirudi, mama aliniuliza, "Kile kikopo cha kwanza, mwanangu, ulipima nini?"

"Sukari."

Akageuza uso dirishani. 

Karatasi ya majibu aliipeleka mwenyewe kwa mzee wa kanisa, mimi nikiwa naye. Nilimsomea yule mzee pale walipoandika kwamba hakuna mimba, na kwamba ini limeharibika. Akasema watamwombea. Jumapili iliyofuata mama alirudi mezani kwa Bwana, lakini wiki haikuisha kabla maneno hayajageuka: kumbe alikuwa mlevi wa siri, gongo ndiyo imemla ini.

"Afadhali wangeniachia ile mimba," mama alisema.

Hospitalini walimtoa maji tumboni mara tatu, na kila mara yalirudi. Mwishoni alianza kuchanganyikiwa, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Alifariki mvua za masika zikiwa zimeanza, na wanaume walilibeba jeneza wakiteleza kwenye matope.

Baada ya matanga tulipimwa vile virusi sisi watoto wake wawili. Mimi sikuwa navyo. Mdogo wangu, aliyekuwa akiishi Sekei, kule mjini, na mkewe, alikuwa navyo. Aliikunja karatasi ikawa ndogo kabisa.

"Dada, nakuomba, mke wangu asijue. Uliona walivyomsema mama."

Nilimwambia nimesikia. Kesho yake, akiwa kazini, nilikwenda kwake, nikamweleza mkewe kila kitu, nikamwambia aje kupimwa pamoja na watoto. Walikuja. Mtoto mkubwa peke yake ndiye aliyekutwa navyo. Mdogo wangu alikaa miaka sita bila kuniamkia.