Feni Pana Iliyozunguka Polepole

Mwanangu, hadi leo naikumbuka siku ambayo kwaya ya akina mama wa Hombolo ilinicheka kwa sababu ya kelele za kompyuta yangu. Kila ninapomsikia kijana dukani akiuliza feni ipi ni kali kuliko zote, uso unanichoma upya kama siku ile. Kaa hapa kwanza. Hiyo feni uliyoishika iweke chini, nami nikueleze.

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Baba alifariki, na mwaka haukwisha mama naye akamfuata, nikabaki na wadogo zangu watatu, Yohana, Neema na Sara, katika nyumba yetu ya Nzuguni. Baada ya matanga, baba mdogo alikuja kutoka Bahi akasema watoto wagawanywe. Yohana angekwenda Bahi kuchunga ng'ombe, Neema angekwenda Kondoa kwa shangazi aliyeolewa huko, na Sara angechukuliwa na mama mkubwa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Aliona binti asiye na cheti wala mume, akaogopa watoto wa kaka yake wasije wakalala njaa.

Nilimpigia magoti. Akanipa muda mpaka mavuno ya mpunga.

"Nioneshe kazi inayoeleweka," alisema. "Usiponionesha, nakuja na pikapu."

Kazi niliyokuwa nayo ni kompyuta moja ya mtumba. Nilikuwa nimechapa barua kwenye duka la steshenari, na mwenye duka alipohama mji akaniachia. Nikaona kwamba kwaya zetu zinasafiri mbali kwenda kurekodi, basi chumba cha uani nikakigeuza studio. Ukutani nilisimamisha magodoro, dirisha nikaliziba ili upepo na pikipiki zisiingie kwenye nyimbo, nikaazima maikrofoni kanisani. Watu walinicheka. Baba mdogo aliposikia aliuliza kama watoto watakula magodoro.

Sasa fikiria chumba hicho mchana, bati juu, dirisha limezibwa, na vumbi letu la Dodoma linaloingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Kompyuta ilifanya kazi nusu saa tu, ikazimika yenyewe kwa joto. Nikatembea mpaka mjini nikamwambia muuza vifaa, "Nipe feni yenye upepo mkali kuliko zote." Akanipa feni ndogo, upana wake haufiki kiganja, inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Nikaifunga. Ikapuliza kweli, na joto likashuka. Nikajiona fundi.

Akina mama wa Hombolo wakaja, kumi na wawili, pamoja na mzee mmoja mpiga zeze. Mwanangu, sauti ya zeze unaijua ilivyo nyembamba. Kiongozi wao, Mama Ndahani, alipovaa vifaa vya masikioni kusikiliza wimbo wa kwanza, alivivua taratibu akanitazama.

"Binti, humu ndani mnasaga mahindi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Tungekuja na magunia yetu kabisa!" Mzee wa zeze peke yake hakucheka. Aliinua kile chombo chake, akakirudisha kwenye mfuko wa kitambaa. Katika wimbo ule zeze halikusikika hata mara moja.

Aibu ikanitoa akili. Nikamwambia, "Mzee, usiondoke, naimaliza kelele sasa hivi." Nikachomoa waya wa feni. Nikaona haitoshi, nikachukua blanketi la Sara nikaifunika kompyuta yote kama mgonjwa wa malaria. Kimya kikawa kizuri mno! Wakaimba wimbo wa kwanza upya, wakaimba wa pili, zeze likalia kama linavyotakiwa. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, kioo kikawa cheusi. Nilipoiwasha tena baada ya kupoa, nyimbo zote mbili hazikuwamo. Katika furaha yangu sikuwa nimezihifadhi.

Mama Ndahani hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema, "Tutarudi Jumamosi, mara moja tu. Ikishindikana tutakwenda kwingine." Jumamosi hiyohiyo ndiyo baba mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba atafika na pikapu.

Nikaibeba kompyuta kichwani kama ndoo hadi kwa Mzee Hamisi, fundi redio mwenyeji wa Kondoa, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Nikamwamkia, akaitikia, akasikiliza habari yangu bila kuacha kazi yake. Nilipofika kwenye blanketi, bisibisi ikamwanguka.

"Ulimfunika mtu anayekimbia, halafu ukamziba pua?"

"Alikuwa anapiga kelele, mzee."

"Wewe ndiye uliyemfanya apige kelele! Ulimpa pua ya panya, ukamwambia avute upepo wa kumtosha ng'ombe."

Kisha akaniinua twende kwa mama lishe wa jirani, akaomba kulipepea jiko lake la mkaa. Mimi alinipa kisahani cha chai, mwenyewe akachukua mfuniko mpana wa ndoo. Nilipepea kisahani mpaka mkono ukafa ganzi, kikapiga kelele za fyu fyu, mkaa ukabaki mweusi. Yeye aliupeleka mfuniko huku na huku taratibu, kama mtu anayemfukuzia mgeni nzi, na makaa yakawa mekundu. Sauti ya mfuniko ule sikuisikia. Mama lishe akasema, "Mzee, uje kila siku."

Tulirudi kibandani tukaifungua kompyuta. Vumbi lililotoka ndani lilikuwa kama ngozi ya paka. Akaniuliza upepo unaingilia wapi na unatokea wapi, nami sikuwahi kuwaza kwamba upepo una njia. Tukakata tundu kubwa ubavuni mwa kasha, tukaweka feni pana aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Chini ya kila skrubu tuliweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili mtikisiko usiingie kwenye bati la kasha. Mwisho akaunganisha kidude cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio, ili kasi ipandishwe na kushushwa.

"Kasi ipi inafaa?" nikamuuliza.

"Mimi siyo mwimbaji wala sikai kwenye hicho chumba. Kaitafute mwenyewe."

Nilikasirika, lakini siku tatu zilizofuata ndizo zilizonifundisha kazi. Niliishusha feni hadi mwisho nikafurahi, haikusikika kabisa. Nikarekodi Neema akiimba, na kwenye wimbo wa nne kasha likawa la moto, halishikiki. Nikapandisha kidogo. Bado. Nikapandisha tena, joto likatulia, ila sasa palikuwa na mvumo mdogo mahali maikrofoni iliposimama. Hapo nilitaka kurudi chini, kwa sababu moyo ulikuwa umeshakipenda kile kimya. Nikakumbuka blanketi. Badala ya kushusha feni, niliisogeza kompyuta kona ya mbali, upande wenye tundu ukaelekea kwenye nafasi na siyo ukutani, na maikrofoni nikaigeuza iipe mgongo. Nikasikiliza tena. Mvumo ulibaki, lakini ulikuwa chini kuliko pumzi ya Neema. Nikatia alama ya kalamu kwenye kidude, nikawaambia wadogo zangu kwamba atakayekigusa atalala nje.

Jumamosi kwaya ikafika. Tulianza asubuhi, na kila wimbo ulipokwisha niliuhifadhi kabla mtu hajakohoa. Jua lilipanda, bati likaanza kulia juu yetu, akina mama wakawa wanajipepea na kanga. Wimbo wa tatu ukapita. Wa nne. Wa saba. Niligusa kasha kwa kiganja, lilikuwa vuguvugu tu.

Tulipotua kupumzika ndipo mlango ukafunguka, baba mdogo akaingia, funguo za pikapu mkononi. Alitazama kompyuta, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Nimesikia ilikuwa inanguruma. Sasa hata kunguruma imeacha. Imekufa, sivyo? Neema, kusanya nguo za wenzako."

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Kusanya nguo, Neema."

"Haijafa," nikasema. "Inafanya kazi tangu asubuhi."

"Usinidanganye, mwanangu. Ninayo masikio."

Mama Ndahani akamvika vifaa vya masikioni kabla hajamaliza kubisha, nami nikafungulia wimbo wa saba. Zeze likaanza peke yake. Nilimwona baba mdogo akigeuka nyuma kumtafuta mpigaji, akamwona yule mzee amekaa kando, anakunywa maji. Akakaa kwenye godoro. Wimbo ukaisha, akasema, "Rudisha." Ukaisha tena. Akavua vile vifaa, akaangalia funguo mkononi kama hajui zimefikaje.

"Neema," akasema, "acha nguo. Nenda kwenye pikapu ushushe lile gunia la mchele, hawa mama hawajala."

Akina mama walipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Na wadogo zangu hawakugawanywa, wote watatu walikulia kwenye nyumba ile. Neema ndiye sasa anayekuja na wajukuu kunijazia kelele ambazo feni haijawahi kunipa.

Basi mwanangu, usichague feni kwa ukali wake, wala usichague kwa kimya peke yake. Anza kwa kutoa vumbi, kisha uujue mlango wa upepo kuingia na wa kutoka, usiuzibe hata ukikerwa kiasi gani. Nunua pana kadiri kasha lako litakavyobeba, uizungushe polepole, na uijaribu kwa kazi yako yenyewe, kwenye joto lako la saa nane mchana, kwa muda mrefu. Utakapoona joto limetulia, hapo simama. Ukibakiwa na mvumo mdogo, hamisha kitu kingine kabla ya kuinyima mashine hewa. Na wewe mwenyewe ukibeba mzigo wa wenzako, usijifunike blanketi ili watu wasikusikie ukihema. Jitafutie nafasi, upumue, kazi iendelee.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa na nyumba isiyotawanyika, na akina mama wa kukupigia vigelegele siku ukimaliza. Haya, inuka, karudishe hiyo feni ndogo, uwaombe pana.