Joka la Kucha Tano

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mke wangu alikuja Toronto na sahani moja ya Kichina, kaizungushia kanga tatu. Aliirithi kwa bibi yake, na alikwisha kumwahidi binti yetu kwamba siku ya harusi itakuwa yake. Katikati palichorwa joka la buluu, limejikunja, linafukuza lulu.

Tulikaa ghorofa ya kumi na nne, St. James Town. Jirani yetu, mzee wa Kichina, alikuja kuazima nyundo, akaliona lile joka, akakaa kitako. Alihesabu kucha za mguu mmoja, kidole kikienda hewani bila kuigusa sahani.

"Tano," alisema. "Tano zilikuwa za mfalme peke yake. Mmeipata wapi?"

Nilivimba kichwa. Kwetu Lamu watu walikuwa wakizitia sahani za namna hiyo ukutani kwa chokaa, kila mgeni azione. Nikamwambia mke wangu nitaitia sebuleni.

"Bwana wee, hii nyumba ya kupanga. Iache kabatini."

"Sahani ya mfalme ikae na sufuria?"

"Imekaa na sufuria za bibi miaka yote, haijalalamika. Unayelalamika ni wewe."

Alipokwenda kazini nikachimba ukuta. Chokaa sikuipata, nikatumia saruji. Wageni waliisifu sana. Yeye alipita bila kuitazama.

Miaka mitatu baadaye tukahamia mtaa mwingine, Malvern. Chokaa ingemeguka, saruji haikuachia. Niligonga tindo polepole, binti yuko shule, mke wangu kasimama nyuma yangu na zile kanga tatu mkononi, tayari kuifunga. Ikapasuka. Mguu wa joka ukaangukia zuliani.

Hakunigombeza. Alizikunja kanga, akaenda kufunga vyombo vingine.

Siku ya harusi alimvisha binti yetu mkufu wake mwenyewe. Binti akauliza, "Mama, na ile sahani?"

Mke wangu alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Ilivunjika tulipohama, mwanangu."

Hapo ndipo iliponipasa kusema ni mimi. Nikajitia kupanga viti.

Mama yake amefariki, na binti bado anaamini ni wachukuzi waliotuhamisha walioivunja. Kipande chenye kucha tano ninacho, ndani ya kanga moja. Jumapili atakuja kula. Nitamwekea mezani, nimwambie ni mimi, na kwamba mama yake alinikataza.