Siku Moja ya Jembe la Lugembe

Maringo yangu yalinigharimu wenzangu ishirini na tisa, na siku moja ya jembe ambayo sijailipa hadi leo. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, haipungui.

Nakumbuka siku ile, miaka ya sitini, nilivyorudi Songwa kutoka Maganzo na redio mpya na viatu vya kunibana. Nilikuwa nimeuza kijiwe cha almasi kisichozidi punje ya mtama, ila maringo yalijaa gunia. Pale kijijini vijana thelathini tulilimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, na ukitokea msiba kikundi hichohicho ndicho kinachochimba kaburi. Kiongozi wetu, Lugembe, akaniambia, "Kesho zamu ya kwa Mama Kabula. Vua hivyo viatu."

Nikatupa jembe langu miguuni pake. "Nitoeni. Mimi ni mtu wa kukodi trekta."

"Trekta linazika?" akauliza.

Watu wakacheka. Nikaondoka kichwa juu. Karani mmoja wa Maganzo alikuwa amenifundisha msemo wa Waingereza: kuchoma daraja ulilovukia, yaani kujikatia njia ya kurudi. Aliutumia kwa mtu aliyemtukana tajiri wake siku ya kuacha kazi. Ni onyo, mwanangu. Mimi nilisikia ushujaa.

Kiangazi hichohicho mama akafariki. Wanawake walikuja kumlilia. Wanaume walikaa mbali, kwani aliyejitoa hashikiwi jembe mpaka aombe radhi mbele ya wote, nami kinywa kilikuwa kizito. Nikachimba peke yangu kwenye udongo wa mbuga uliokauka kama tofali. Jua limepanda, shimo bado la magotini, na mama yuko ndani ya nyumba ananisubiri.

Lugembe akaja, kashika jembe lilelile nililotupa.

"Sogea. Unachimba kama unatafuta almasi."

Akachimba hadi mwisho. Jembe akaniachia.

Yeye alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikuwa Bugarama nahangaikia dhahabu. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa, wiki mbili zimepita.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitoka mahali, toka kwa kuaga, hata kama wamekuudhi, hata kama haki ni yako. Mungu akujalie wazishi wengi wa kukuchimbia kaburi, na awacheleweshe sana.

Sasa nishauri na wewe. Jembe ninalo, na wana wa Lugembe bado wako Songwa. Niende na mgongo huu nikawalimie hiyo siku moja, au kuna namna nyingine ya kumlipa Lugembe?