Mwalimu Aliyefundisha Kompyuta Bila Kompyuta

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mvua ndogo isiyo na haraka, na ziwa halikuonekana kabisa. Habari ya msiba niliipata sokoni kwa mtu aliyekuwa akinunua kamba: mwalimu wetu wa kompyuta amefariki juzi kwa ugonjwa wa kifua, na mazishi ni leo saa nane, kwao Muleba. Nimekwenda na nimerudi, viatu bado vimelowa. Wasomaji wangu mmezoea kwamba sitaji majina, na leo pia sitataja. Naomba mnivumilie nikipotoka. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mtu uliyemfahamu nusu nusu si rahisi kumwandikia kwa haki.

Wengine hamtaamini kwamba mjini kwetu kuliwahi kuwa na kozi ya kompyuta, tena miaka ile vijiji vya ujamaa vikianzishwa. Ilikuwepo, katika chuo cha elimu ya watu wazima upande wa Bakoba, alasiri mbili kwa wiki. Kompyuta yenyewe ndiyo haikuwepo. Marehemu alikuwa ameiona Dar es Salaam katika ofisi moja ya serikali, akarudi na madaftari mawili na imani kwamba nchi huru haiwezi kungoja wageni waje kuipangia mambo yake. Basi mashine tukawa sisi, watu tisa. Alitusimamisha mstari mmoja, kila mtu na kazi yake moja. Wa kwanza anasoma kadi kwa sauti, wa pili anajibu swali moja tu na kuiweka kadi kwenye kapu linalostahili, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Kadi tulizikata kwenye maboksi ya biskuti tuliyopewa na duka moja la Wahindi. Amri aliziandika ubaoni, moja chini ya nyingine, na hakupenda kabisa ufanye jambo ambalo halikuandikwa. Siku moja alinitoa nje kwa sababu nilisahihisha jina lililokosewa.

"Nani kakuambia usahihishe?"

"Lilikuwa limekosewa, Mwalimu."

"Wewe ni mashine. Mashine hufanya ilichoambiwa."

Karani mmoja wa kiwanda cha kahawa, aliyekuwa akisoma nasi, akauliza kama mashine hairuhusiwi hata kwenda chooni. Tulicheka, na marehemu alicheka kuliko sisi. Sitaki mdhani alikuwa mtu mkavu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nalizunguka. Kamati ya kijiji kipya kilichokuwa kikianzishwa upande wa Ngenge ilikuwa na fomu nyingi za familia zilizoomba mashamba, na haikujua izipangeje. Marehemu akajitolea: darasa litazipanga, na wananchi wataona faida ya elimu. Tukazinakili fomu kwenye kadi zetu. Mimi nilisimama wa pili, na swali langu lilikuwa hili: jina la baba wa nyumba limeandikwa? Kama ndiyo, kapu la kwanza, familia ipangiwe shamba. Kama hapana, kapu la pili. Kwa marehemu kapu la pili lilikuwa la fomu zisizokamilika, zirudishwe kwa wenyewe wajaze. Amri za kapu hilo zilikuwa za somo la Ijumaa. Nasema hivi kwa haki yake, kwa kuwa niliziona zimeanzwa kwenye daftari lake.

Katikati ya kazi ikaja kadi ya mjane mmoja wa Ijumbi. Nilimfahamu. Nilipokuwa shule ya kati nilipita kwake asubuhi nyingi nikapewa uji pamoja na wanawe wanne. Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba na mibuni yote, wakamwachia jiko. Kijiji kipya ndipo mahali pekee alipobakiwa napo pa kulima.

"Mwalimu, huyu namjua," nikasema. "Mume amekufa, lakini yeye na watoto wapo."

"Umeulizwa kama wapo?"

"Sikuulizwa."

"Umeulizwa nini?"

"Kama jina la baba wa nyumba limeandikwa."

"Limeandikwa?"

"Hapana."

"Basi."

Karani akadakia, "Mashine haina shangazi, bwana." Darasa likacheka, nami nikacheka, nikaiweka kadi kapu la pili. Alhamisi kamati ikaja mbio mbio, kwa kuwa trekta lilikuwa limepatikana, ikachukua kapu la kwanza peke yake. Ijumaa tulipofika kusoma amri za kapu la pili, mashamba yalikuwa yamekwisha kugawiwa.

Wiki iliyofuata yule mama alitembea hadi chuoni, jembe begani, kwa kuwa alitoka moja kwa moja huko majina ya waliopata mashamba yalikosomwa. Alisimama mlangoni akasalimu vizuri, kwa neno la heshima la kwetu. "Waitu, Mwalimu, nimeambiwa mashine imenikataa. Naomba nionyeshwe hiyo mashine."

Marehemu aliweka chaki mezani. Kisha akatuambia tusimame kwenye mstari. "Ni hii, Ma."

Mama akapita mbele yetu taratibu, mmoja mmoja, akaturudia tena. "Hawa ni watoto wa watu," akasema. "Huyu amekunywa uji wangu." Alikuwa amesimama mbele yangu. "Mwanangu, kadi yangu ilipita kwako?"

Nilitazama jembe lake. Marehemu akaingia kati yetu. "Amri niliandika mimi, Ma. Wao walitii tu. Kosa ni langu."

Siku hiyohiyo alikwenda naye kwa kamati. Walimwambia mashamba yamekwisha, na kwamba wakibadilisha kilichopangwa na mashine kwa mtu mmoja, kesho watakuja wote. Akawaeleza kwamba mashine ni wanafunzi wake tu, wakamwona anawatania. Aliandika barua, akaenda tena na tena. Yule mama alirudi kwa kaka yake kulima pembeni mwa shamba la watu, watoto wakagawanywa kwa ndugu, na hakuishi miaka mingi. Kozi ilifungwa mwaka uleule. Marehemu akaishia kufundisha hesabu shule ya msingi.

Sivilaumu vijiji kwa jumla. Wapo ninaowajua waliopata pale ardhi ambayo ukoo usingewapa kamwe. Wala kamati haikuwa na nia mbaya, ilikuwa na haraka. Lakini nimekuwa nikijiuliza, huenda kwa ujinga wangu, ni mambo mangapi nchini mwetu yanafanywa na watu waliopangwa mstari, kila mmoja akijibu swali lake dogo kwa usahihi kabisa, na mwisho wa mstari kuna mtu amekosa pa kulima.

Leo kaburini mzee mmoja alisema marehemu alikuwa mtu mwema, ila kompyuta yake ilimnyima mjane shamba. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakauliza kama kuna mwingine wa kusema neno. Mimi nilikuwepo, nikajikunyata chini ya mwavuli wa mtu. Kwa hiyo nasema hapa, nikiwa nimechelewa. Amri aliiandika yeye, na aliikiri mbele ya mwenye kuumia. Kadi niliiweka mimi, nikijua ni ya nani, na mkono haukulazimishwa na mtu. Funzo ninaloweza kutoa ni hilo tu: anayetii naye ametenda, na asingoje aliyemwamuru afe ndipo akiri.

Mke wangu amenisomea haya kwa sauti, akauliza yule mama aliitwa nani. Nimemtajia. Tumekula ndizi na maharage, bila chumvi, maana wiki hii madukani haipo.